Dole Juu ya Uso wa Breki

4 Machi

Mwanangu Kanyaga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza siasa zake, halitaki kupanda ngazi za jukwaa. Bibi yako ni mzima na anakusalimu. Kile kidole gumba ulichomshona alipokatwa na kifuniko cha kopo kimepona, kimebaki na kovu lililonyooka katikati, na kila mgeni lazima aoneshwe. "Fundi wake ni mjukuu wangu," anasema. Wewe je, hospitali vipi, na baridi ya huko?

Kampeni zimeanza. Wapinzani bado wananiita Breki, wakidhani wananitukana. Wanasahau kwamba kabla ya ubunge nililala chini ya malori nikifunga breki, na sijawahi kukutana na dereva aliyeiona breki kuwa adui yake. Nasema yale yale ya siku zote: tutengeneze mabomba yaliyopo kabla ya kuahidi mapya, kodi ya duka dogo isipande, wazazi waachiwe kamati za shule zao, na serikali isitumie isichonacho. Si maneno ya kupigiwa vigelegele. Mgombea mwenzangu, yule mwalimu wa hesabu, anaahidi hospitali ya ghorofa na watu wanaruka mpaka vumbi linatimka.

Ule muswada uliouulizia nimeupinga, na umeahirishwa. Unataka kura ihesabiwe hata kama dole la wino limetua nje ya kisanduku kilicho kando ya picha ya mgombea, mradi nia ya mpiga kura ionekane. Pengine ni jambo jema. Lakini sheria za mchezo hazibadilishwi timu zikiwa zimeshavaa jezi. Uchaguzi ukiisha, tukae tuzungumze.

Nakutumia bango langu. Mpiga picha wetu amelipamba kweli kweli.

Baba yako

23 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako. Mimi sijambo, kazi ni nyingi lakini nakula na nalala. Wamenihamishia wodi ya wazee, na wazee wa huku ni wakorofi kama wa kwetu.

Bango limefika. Baba! Nani ameweka hilo dole kubwa la wino juu ya uso wako? Unaonekana kama mtu aliyepigwa kofi la mbu kwenye paji. Wauguzi wenzangu wamecheka mpaka mmoja akakaa chini. Eti "Dole kwa Breki"! Nimelibandika jikoni hata hivyo, ndani ya mlango wa kabati. Usinune.

Sasa tuje kwenye muswada. Hapa wodini nina wazee wanaomwaga chai kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nikimwambia mmoja wao aweke dole ndani ya kisanduku kidogo, ataliweka popote mkono utakapomtupa. Huyo hana kura? Wewe unasema tusubiri. Tangu niko shule unasema tusubiri. Ndiyo maana tuligombana asubuhi ile ya kuondoka kwangu, na barua zetu zikakatika mwaka mzima. Sitaki tugombane tena, lakini niambie kweli: unaipenda sheria, au unapenda tu yale ambayo hayajakuuma?

Nibusie bibi.

Binti yako, Kanyaga

11 Aprili

Mwanangu Kanyaga,

Marahaba. Sisi tu wazima, nashukuru kusikia nawe u mzima. Wasalimie wazee wako wakorofi.

Swali lako limenikera kama kokoto kwenye kiatu. Nilianza kukujibu kwa ukali, nikachana karatasi. Jibu la kweli ni kwamba sijui. Sheria haijawahi kuniuma. Kila niliposimama nilishinda, na kwa mshindi ni rahisi kuipenda sheria.

Kwenye chama napo moto unawaka. Katibu amenitaka nitangaze jukwaani kwamba tukishindwa, basi tumeibiwa. Nikamwambia hatujainjika hata sufuria, wewe umeshalalamika chumvi. Akanuna. Anataka nimwite mwalimu adui wa taifa. Adui gani, yule aliyemfundisha binti wa jirani yetu kugawanya mpaka akaelewa? Nampinga kwa sababu anaahidi visivyolipika. Nikishampinga, nampa maji ya kunywa.

Bibi yako anafanya mazoezi. Bango amelibandika mlangoni kwake, na kila asubuhi akitoka analigusa kwa kidole gumba, pale pale palipochorwa dole. Anasema safari hii hakosei. Nilimcheka, nikaenda zangu mkutanoni.

Baba yako

3 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mko salama? Sina salamu ndefu leo, nataka hilo tu kwanza: mko salama?

Nimesikia redioni. Wanasema umeshindwa kwa kura chache sana, na kwamba zilizoharibika ni nyingi kuliko hiyo tofauti. Katibu wa chama anasema mtakwenda mahakamani, na kwamba vijana walijaa barabarani wakikusubiri useme neno. Hapo redio ikaingia kwenye michezo. Kweli, michezo! Simu yako imezimwa. Nakujua, jambo likiwa zito unazima simu na kutafuta kalamu. Basi andika upesi.

Nataka kukwambia usiseme neno la hasira mbele ya wale vijana, ingawa najua huenda umeshalisema. Na nisamehe, pamoja na siasa zangu hizi unazozijua, nimejikuta jikoni naliambia bango lako, "Shinda basi, baba."

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Hatujambo sote, hilo kwanza. Hakuna aliyeguswa hata ukucha. Goti ndilo limevimba kwa kusimama.

Unajua utaratibu wetu. Kura za jimbo zima huletwa ukumbi wa sekondari na kuhesabiwa mchana kweupe mbele ya wagombea, moja moja, kwa sababu mimi na wenzangu tulikataa mashine. Msimamizi, yule mama wa maktaba, huinua kila karatasi kwa mikono miwili, huigeuza kulia, huigeuza kushoto, humtaja mgombea, kisha huiweka kwenye fungu lake. Nimekuwepo mara nyingi, lakini siku zote nilitazama mafungu. Safari hii, sijui kwa nini, nilitazama madole.

Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Madole mapana, madole membamba, mengine yamefutika mistari kwa kubeba tofali na kufua nguo za watu. Hakuna mawili yaliyofanana. Jimbo zima lilipita mle ukumbini, mwenye maghorofa na asiye na kitanda, na kila mmoja alichukua nafasi ile ile ya dole moja. Miaka yote nimezitafuta kura, na sikuwahi kuziona.

Kisha zikaanza zile nyingine. Karatasi inainuliwa, kisanduku ni cheupe kitupu, dole limetua katikati ya picha yangu. "Imeharibika." Inayofuata, vile vile. Zilitoka mitaa yetu ya wazee, kule ambako bango langu lilikuwa kila mlango. Hapo nikaelewa. Wale watu hawakukosea, walifanya walivyooneshwa. Wewe ulilicheka lile bango, sisi tukachapisha mengine. Kwenye uso wa mwalimu nako madole yalikuwepo, machache tu.

Halafu ikainuliwa moja. Dole lilifunika paji langu lote, limekandamizwa kwa nguvu, na katikati yake umepita mstari mweupe mnyoofu ambapo wino haukushika. Wewe ungeujua hata ukiwa mlangoni, nyuzi zake ulizivuta mwenyewe. Msimamizi akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto. "Imeharibika." Wakala wangu akanikazia macho niinue mkono kupinga. Mkono haukuinuka. Nilisimama pale, mtu mzima na mvi zangu, nikitazama kidole cha mama yangu juu ya uso wangu, kama alipokuwa akinipima homa utotoni. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Tulihesabu upya, ikawa vile vile. Katibu akanivuta koridoni. Akasema zile zenye dole usoni zinatosha na kubaki, jaji yeyote mwenye macho ataiona nia. Na ni kweli. Ndiyo maneno ya ule muswada niliouzuia.

Nikamwuliza, "Na kama madole hayo yangekuwa kwenye uso wa mwalimu?"

"Mzee, huu si wakati wa kuwaza hivyo."

"Ndio wakati wenyewe," nikamwambia.

Nikatoka nje kwenye ngazi. Vijana walijaa mpaka getini, wengine wameshika mawe. Nawajua, magari ya baba zao niliyafunga breki mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikauka. Nikasema, "Nimeshindwa. Sheria tuliyoingia nayo ndiyo tunayotoka nayo. Nendeni nyumbani, mnasubiriwa." Nilisikia mlango wa darasa ukigongagonga kwa upepo. Kisha mmoja akainama, akaliweka jiwe lake taratibu kando ya ukuta, kama anayerudisha kitu alichoazima. Wengine wakamfuata. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa nyuma yangu. Nikampa mkono.

Uliniuliza kama naipenda sheria au napenda yasiyoniuma. Sasa imeniuma, na bado naiona ni sheria.

Baba yako

27 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza nimeiandika kwa mazoea.

Barua yako niliisomea chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa na soksi moja mguuni, na sikumbuki nyingine niliivaa saa ngapi. Mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, baba yangu ameshindwa uchaguzi. Nilisema kwa maringo hata akanishangaa.

Sikubaliani nawe, baba, wala usijidanganye. Zile zilikuwa kura za watu wazima wenye akili zao, na zimelala kwenye boksi. Hilo linanichoma. Lakini miaka yote nilidhani breki ni jina jingine la woga. Sikujua kwamba mtu anaweza kuikanyaga huku yeye ndiye anayekwenda kugonga kioo kwa kichwa. Nimekuwa nikikuwaza kazini, njiani, nikiwafunika wazee mablanketi, na kila nikikuwaza nanyamaza. Mimi, kunyamaza! Bango nimelitoa kabatini. Sasa liko mlangoni, kila anayeingia anakutana nawe.

Jambo moja halinitoki. Bibi anajua?

Binti yako, Kanyaga

18 Juni

Mwanangu Kanyaga,

Marahaba, zote mbili. Hatujambo. Nimerudi gereji, asubuhi tu, goti likiruhusu. Mafundi wananiita mheshimiwa kisha wananituma spana.

Mwalimu ameapishwa. Wiki iliyopita nilimfuata ofisini, na kile kiti changu bado kinalia mtu akikikalia. Nikamwekea ule muswada mezani. Nikamwambia uchaguzi umekwisha, jezi zimevuliwa, sasa ndio wakati wake, nami nitauombea kura kwa wenzangu wa chama mmoja mmoja. Akausoma. Akasema, "Mzee, kwa sheria hii mimi leo ningekuwa darasani." Nikamwambia najua. Kisha akanivutia kiti. Tumeanza na kifungu cha kwanza. Anakwenda mbio mno, lakini nitamzoesha.

Sasa ya bibi yako. Siku zote hizi hakuuliza kitu, nami nikawa naogopa kukaa naye peke yake. Jana nilimkuta kibarazani anashona kifungo cha shati langu. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, kushindwa sina neno nako, watu hushindwa. Ninachotaka kujua, ile ya kwangu waliihesabu?" Akaninyooshea kidole gumba, kovu juu.

Unanijua, uongo siuwezi, na kwa mama ndiyo kabisa. Nikakishika kile kidole.

"Mama, karatasi za jimbo zima ziliinuliwa mbele yangu, na katika zote hizo, ya kwako niliiona."

"Uliijuaje?"

"Ilikuwa na mstari wa mjukuu wako."

Alikitazama kidole chake, akakitazama tena, kama ndiyo kwanza anakiona. Nilikuwa nangoja aniulize swali la pili, na ningemjibu. Hakuuliza.

"Basi ilikufikia," akasema, akaendelea kushona.

Baba yako