Ukuta wa Maboksi

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Haya, soma basi.

Nimeumbuka. Mbele ya shule nzima!

Si nilijitolea kusaidia kwenye igizo la watoto? Mwalimu akanipa kazi ya kushika ukuta wa ngome, ule wa maboksi, nijifiche nyuma yake. Upande wa pili akamweka nani? Jirani! Huyuhuyu anayemwaga maji ya kufulia mlangoni kwangu, ambaye hata salamu hatupeani.

Nikajikaza. Mara ananinong'oneza, "Shika vizuri, wewe." Mimi? Mimi ndiye wa kuambiwa nishike vizuri? Nikamjibu, naye akanijibu, nikaachia ukuta ili nimnyooshee kidole. Kumbe na yeye kaachia!

Ukuta puu! Ukumbi mzima unatutazama, mimi pekupeku, maana viatu nilivua nikijua sionekani, na kila mmoja kamnyooshea mwenzake kidole usoni.

Binti yangu, ndiye malkia wa igizo, akageuka. Wala hakubabaika: "Walinzi! Mnagombana na adui yuko mlangoni? Inueni ukuta!"

Tukauinua. Na saluti tukapiga! Wazazi wakashangilia hadi wakasimama, wakidhani ndivyo igizo lilivyo.

Sasa mwalimu anataka kesho turudie vilevile. Vilevile! Nitamgombeza vipi mtu niliyecheka naye nyuma ya jukwaa hadi tukashikiliana tusianguke?

Ngoja, kuna anayebisha hodi.

Ni yeye. Eti amekuja tufanye mazoezi ya kugombana.