Makaburi ya Pembeni mwa Kiwanja cha Shule

Jumatano, katikati ya Mei. Mvua zimekatika, asubuhi ina ubaridi, na nimeweza kukaa barazani na simu yangu mpaka jua likanifikia miguuni.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua kama mwalimu mkuu mstaafu anayependa kuandika habari za shule. Iko habari moja sijaiandika. Pembeni mwa kiwanja cha shule yetu, upande wa mikorosho yangu, hakuna makaburi ya wazee wa ukoo wangu. Niliyatunga.

Naandika sasa kwa sababu daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi.

Nilipokuwa bado kazini, serikali ilitaka kukipanua kile kiwanja ili watoto wapate mahali pa maana pa somo la michezo. Ardhi iliyofaa ilikuwa shamba langu, na mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa imeshika kuzaa. Mpimaji alipokuja, nikamwambia wazee wetu wamezikwa pale, tangu kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Akavua kofia, akakunja kamba yake. Waliojua mahame yetu, makazi ya zamani tulikohamishwa, yalipo hasa walikuwa wachache, na hakuna aliyetaka kumbishia mwalimu.

Kiwanja kikabaki kifupi. Mstari wa kumalizia mbio ukawa karibu na shina la mkorosho wa kwanza.

Leo wamekuja Mwalimu Agnes, mwalimu mkuu wa sasa, na Bakari, mwenyekiti wa kijiji, ambaye nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Fedha za serikali za michezo katika shule za msingi zimefika. Kuna kiwanja kipya, magoli ya chuma, uwanja wa netiboli, shimo la mchanga la kurukia. Lakini mhandisi amesema eneo lisipotosha, fedha zitapelekwa shule nyingine, huko Ruponda.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Bakari. "Fimbo yako bado naiogopa."

"Marahaba. Sasa hivi naitembelea."

Mwalimu Agnes hakucheka. Alinieleza habari za mashindano ya Nachingwea mjini. Binti wa darasa la sita aliwaongoza wenzake mpaka karibu kabisa na utepe, kisha akapunguza mwendo, akapitwa. Watoto wa shule nyingine wakasema wa kwetu wanakimbia na breki. Alipomuuliza kulikoni, yule binti akajibu, "Madamu, nimezoea mkorosho."

Nimewaona wakifanya hivyo miaka yote. Huanza kujizuia kabla hawajafika, mikono mbele. Nilikuwa nawatazama kutoka hapa hapa barazani.

Hawakuja kuomba makaburi yahamishwe. Walitaka niwaonyeshe yanapoishia, wayajengee uzio, kiwanja kipite kando. Mwalimu Agnes alisema ataomba sehemu ya fedha itumike kuwastiri wazee. Kando hakuna nafasi ya kutosha. Alijua hivyo, ila alikuwa anajaribu.

Nikawaambia pale hakuna kaburi la mzee wetu hata mmoja.

Bakari akamtazama mwenzake, kisha mimi. "Mwalimu, dawa umekunywa leo?"

"Nimekunywa. Na akili ninayo. Nilitaka korosho, Bakari."

Aligeuka akaiangalia mikorosho. "Marehemu baba alikuwa anavua kandambili akipita pale," alisema. Halafu akauliza, "Na Bi Somoe je?"

Somoe ni mke wangu. Yeye yuko pale kweli, kijiji kizima kilimzika. Niliwaambia kaburi lake liko ukingoni, jirani na barabara, halizuii kitu. Mikorosho waikate yote.

Mwalimu Agnes alishukuru. Bakari aliondoka bila kuniaga vizuri, na simlaumu.

Hawakuniuliza kwa nini Somoe alizikwa pale. Nami sikusema.

Nilimwoa huko Kilimarondo nikiwa kazini, mama yangu akiwa ameshafariki. Somoe aliposikia nilichomwambia mpimaji, alinilalamikia kwa kumficha makaburi ya wakwe zake miaka yote ile. Akataka aonyeshwe la mama. Nikamwelekeza kwenye kituta kimoja karibu na barabara.

Tangu hapo, kila mwezi wa Shaabani alipafyeka, akapafagia, akakaa chini kumsomea mama yangu dua. Akirudi, alikuwa na vumbi magotini, nami nilimpa maji anawe. Alipougua aliomba jambo moja tu, azikwe ubavuni mwa mkwewe. Nilikubali. Siku ya maziko nilisimama pale nikawaonyesha vijana mahali pa kuchimba.

Mama yangu yuko mahame, upande wa Mbwemkuru, wilayani Ruangwa. Somoe amelala pale peke yake.