Jani Lililobabuliwa na Baridi

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Bibi yako anapukuchua mahindi, na shangazi yako amejifungua salama huko Namanyere.

Unauliza kama ulifute kwa kompyuta jani lililobabuliwa na baridi kwenye picha yako ya mashindano, ile ya ua la mlimani lililofunikwa na umande ulioganda. Usithubutu!

Ujanani nilifanya kazi studio ya picha Majengo, ambako hakuna aliyepigwa picha kabla ya kuchanwa nywele na kupanguswa uso. Alfajiri moja nilipanda milima ya Mbizi, nikakuta ua kama lako, na jani lake moja limebabuliwa vilevile. Kwa mazoea ya studio, nikalipangusa. Joto la vidole likayeyusha urembo wote.

"Kesho lipelekee na kitana," bosi wa studio alinicheka nilipomsimulia.

Nilirudi kwa hasira asubuhi nne mfululizo, hadi umande ulipoganda tena. Safari hii nilitia mikono mfukoni, nikatafuta pembe kwa kuhamisha miguu tu, kisha nikapiga. Jani bovu lilibaki pale pale, na kila anayeiona picha ile ukutani kwangu hujikunyata kwa baridi.

Peleka yako na jani lake. Waamuzi wakisema ni chafu, nitumie barua yao niijibu. Wino ninao.

Babu yako,
Sumbawanga