Kijiji Kizima Kinaumwa Meno

Mpendwa Shangazi Rosalba, naomba msaada wako na naomba haraka, naandika nimesimama, nyuma ya karatasi ya orodha ya abiria, maana ndege inapakiwa na Kapteni Saldivia ameniahidi kukuletea barua hii mkononi hapo redioni Puerto Montt, na tafadhali usinitaje jina, sema tu ni mama mmoja wa kisiwa cha Quilmahue anayeandika orodha kwenye kiwanja cha ndege.

Shangazi, mimi si mwongo wa kuzaliwa. Korona ilipoingia watu waliacha kusafiri, boti ya abiria ikasimamishwa, kampuni ya ndege ikaegesha ndege mbili kati ya tatu ilizonazo, tukabaki na kindege kimoja cha viti tisa kila Alhamisi, na hicho nacho wakasema kinawatia hasara, wakang'oa viti vitano ili wapakie kome na viazi. Ndipo serikali ikasema itawafidia ili kisiwa kisikatwe, ila kwa sharti kwamba kila safari iwe na abiria wanne, wakikosekana mara mbili mfululizo, safari inafutwa. Nikamshukuru Mungu. Wiki haijaisha, ofisi ya afya nayo ikatoa agizo lake, hakuna kusafiri bila sababu ya lazima, na sababu iandikwe. Sasa Shangazi, mimi ni mtu wa kupenda kuuliza, hivi hawa wakubwa hawanywi hata chai pamoja? Mmoja ananiambia jaza ndege, mwenzake ananiambia usimpandishe mtu, na karatasi zote mbili zilikuja ndani ya mfuko mmoja!

Nikaitisha minga, kijiji kizima kije kusaidiana kazi. Watu wakaja, kama wanavyokuja siku ya kuvuta nyumba ya mtu kwa ng'ombe kuihamisha, nikapika milcao za viazi na nyama ya nguruwe, wakala wakashiba, nikawaambia safari hii hatuvuti nyumba, tunashikilia ndege isituponyoke, kila Alhamisi wanne wapande asubuhi, wakae kiwanjani Puerto Montt na barakoa zao, warudi nayo mchana. Hakuna aliyekataa, minga haikataliwi. Balaa ilikuwa ile safu ya sababu. Wa kwanza alikuwa bi Otilia, ambaye kweli jino linamuoza, nikaandika jino. Wa pili akaniuliza, "Na mimi je?" Nikamwambia, "Wewe nawe jino, usinichoshe." Basi ikawa jino, jino, jino, Alhamisi nane, na mzee Baldovino, ambaye hana jino hata moja tangu nimjue, nimemwandika mara mbili.

Leo asubuhi ndege imeniletea barua ya ofisi ya afya. Wamehesabu safari thelathini na mbili za meno kutoka kisiwa cha watu sitini, wameshtuka, wanadhani ni maji yetu, na Alhamisi ijayo anakuja daktari wa meno na mashine yake na chupa za kupimia maji. Maji yamenifika shingoni, Shangazi! Mzee Baldovino anasema, "Mimi nitafumba mdomo, mwambieni nimeweka nadhiri." Jirani yangu Nelda yuko tayari kung'olewa gego lisilo na kasoro, mradi ndege isikatwe. Nikisema kweli, nahofia ndege itafutwa, na binti yangu Yasna ana mimba yake ya kwanza, mkunga wetu alisema aondoke wiki mbili zilizopita akasubirie mjini kwa dada yangu, nikasema ngoja kwanza, na bila ndege ni mwendo wa saa tisa ndani ya boti ya kome, na Julai hii ya baridi na dhoruba unaijua ilivyo. Je, niwaache majirani wang'olewe meno mazima, au niseme?

Mwandika orodha, Quilmahue

*

Dada yangu mwandika orodha, jina sikutaji, ila mwandika orodha hapo kisiwani ni mmoja tu, kwa hiyo wanaonisikiliza saa hizi wote wamegeuka kukutazama. Pole.

Nisikufiche, nimecheka hadi fundi wetu wa mitambo amekuja kuuliza kuna nini. Baldovino mara mbili! Ungemwandikia hata goti, mama! Kalamu ilikuwa mkononi mwako, na mwili wa binadamu una viungo chungu nzima.

Haya, kucheka kumekwisha. Alhamisi hiyo mtu wa hapa mjini ambaye jino halimpi usingizi ataambiwa daktari hayupo, amekwenda Quilmahue. Huyo ulimfikiria? Na wale wanne wa kila wiki mliowakalisha kiwanjani kati ya wageni, mmoja wao angewarudishia korona, mngempa nani lawama? Mungu amewafunika. Msimjaribu tena.

Ulichoniuliza si kigumu. Nelda, kaa na gego lako. Na wewe, dada, uwe kiwanjani kabla ndege haijatua, umkabili daktari kabla hajashusha mashine. Usianze na machozi. Mpe zile karatasi mbili azisome hapo hapo, ya abiria wanne na ya mtu asisafiri, kisha umwambie mlichofanya, chote, bila kupunguza. Kama ni mtu wa huku kwetu ataelewa minga ni nini. Kama si wa huku, mlishe milcao kwanza halafu mweleze upya. Kisha mpeleke kwa Otilia. Otilia, usijifiche nyuma ya jiko, wewe unang'olewa!

Halafu andikeni barua moja, nakala mbili, moja ofisi ya uchukuzi na moja ofisi ya afya, na juu ya kila nakala muandike kwamba nyingine imekwenda kwa mwenzake. Semeni mnaomba ndege ilipiwe hata ikiruka tupu, kwa sababu mnaihitaji kwa ajili ya siku mtu atakapougua. Kijiji kizima kitie sahihi, Baldovino naye. Kama watakubali sijui, mimi si waziri. Lakini mwenye njaa ya kujua kwa nini, kama wewe, ndiye anayepaswa kuwauliza wenye majibu. Kunung'unikia safu ya sababu hakutoshi.

Sasa tuje kwenye mstari ulioupitisha mbio mbio ukidhani sitauona. Mkunga alisema Yasna aondoke wiki mbili zilizopita. Nimeusoma mara tatu. Kuanzia hapo ndege imekuja na kuondoka, kila mara viti vinne, amepanda Nelda, amepanda mzee asiye na meno, na Yasna yuko jikoni kwako. Nikajiuliza, kulikoni? Nikapiga simu hospitali. Wakaniambia siku hizi mzazi anaingia leba peke yake, hata mama yake anabaki nje.

Ulilijua hilo, sivyo? Umelijua muda wote. Umemshikilia ili akae nawe mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa ukimwachia kule hutamshika mkono. Dada yangu, na mimi nina binti. Lakini uchungu hausubiri Alhamisi. Umekisimamisha kisiwa kizima kuilinda ndege kwa ajili ya mtu ambaye mwenyewe humpandishi.

Kwa hiyo Alhamisi, daktari akishashuka na ndege ikigeuza pua, chukua ile kalamu yako. Andika Yasna wa kwanza. Sababu ya safari: kujifungua. Wa pili jiandike wewe. Hospitali watakuacha nje ya geti kwenye mvua, sawa, beba mwavuli ukae hapo hapo nje ya geti. Na kwenye safu ya sababu usitafute jino wala goti. Andika: mimi ni mama yake.