Khanga Tatu Chini ya Gauni

Jumatatu, 6 Februari 1995

Kama kawaida. Moto kibandani saa kumi na moja alfajiri, chai na maandazi, halafu wali na sangara wa kukaanga mpaka saa tisa. Wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni wamemaliza sufuria zote mbili. Mpakuaji mmoja wa samaki kasema, "Mama Bonge, kwako mtu anashiba kwa kukutazama tu." Ni kweli. Mpishi mwembamba nani atamwamini.

Soda nne leo. Kiu iko palepale. Chooni nimekwenda mpaka nimechoka njia. Na nyumbani sisimizi wamejaa kwenye sakafu ya choo. Juzi niliwamwagia majivu, leo wamerudi na ndugu zao. Chooni wanatafuta nini?

Alhamisi, 9 Februari

Nimekanyaga kaa la moto kibandani. Sikuhisi kitu. Harufu ndiyo ilinishtua, nikadhani samaki anaungua. Kutazama chini, ni mguu wangu.

Nimeogopa. Naandika tena: nimeogopa.

Jumanne, 14 Februari

Kliniki, foleni tangu asubuhi. Sista kapima mkojo, kauliza habari za kiu. Nikamsimulia hata sisimizi, kwa aibu. Hakucheka. Kasema wanafuata sukari iliyo kwenye mkojo. Nina ugonjwa wa sukari, na huenda ninao miaka kadhaa. Huu unene wangu niliodhani ndiyo afya, kasema una sehemu yake.

Masharti: chai bila sukari. Soda basi, maandazi basi. Ugali wa dona, mahindi yasiyokobolewa, si sembe, nao kiasi cha ngumi, si mlima. Mboga nyingi, maharage, samaki wa kuchemsha. Kutembea kila siku. Vidonge. Miguu niikague kila jioni kama ya mtoto mchanga, maana mguu usiohisi ndio unaokuja kukatwa.

Nimetoka na hasira. Miaka ile ya dhiki tulipanga foleni tangu usiku kwa kilo moja ya sukari, tukagawana nyumba tatu. Tulikunywa uji wa chumvi. Nikajiapiza kwamba siku sukari ikirudi, sitakunywa tena kitu kichungu maishani. Ikarudi. Sasa maduka ya Kirumba yamejaa magunia, soda kila kona, mafuta ya madumu, sembe nyeupe kama chokaa. Nikatimiza kiapo changu kwa vijiko vinne kila kikombe. Leo naambiwa nirudi kulekule tulikotoka, kwa hiari yangu. Huu ni uonevu.

Jumapili, 19 Februari

Chai bila sukari. Mbaya sana. Nimeimaliza.

Jumapili, 5 Machi

Natembea kutoka nyumbani Pasiansi mpaka kibandani Kirumba, kwenda na kurudi, ndoo kichwani. Mwanzoni pumzi ilinikatikia kwenye kile kilima, nikakaa juu ya jiwe watu wanapita. Sasa nakipanda bila kusimama. Enzi zile hapakuwa na petroli, sote tulitembea, na sikumbuki mtu wa rika letu aliyekatwa mguu.

Wifi yangu Agnesi, dada wa marehemu mume wangu, kaja kula. Kaona dona mezani, kasukuma sahani. Kasema hicho ni chakula cha gerezani na marehemu kaka yake angeona haya. Nimemwambia marehemu alikula dona na mlenda kwao Majita mpaka akaota ndevu. Kaondoka na njaa yake.

Jumatano, 22 Machi

Gauni la kanisani linapwaya. Kidonda cha mguuni kimefunga. Choo kikavu, hakuna sisimizi hata mmoja. Sista kapima, katabasamu. Nina furaha na sina wa kumwambia, maana binti yangu Stela yuko zamu.

Ijumaa, 14 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi pande zangu zote mbili. Watu wamejaa mpaka mlangoni, kwangu nafasi. Nimeelewa kabla ya somo la kwanza.

Mjini hapa mtu akikonda, jibu ni moja. Mimi nalijua jibu hilo. Nilimuuguza mdogo wangu Yona kwa miezi saba, nikamwosha kwa mikono yangu, na waliokuwa wakinywa pombe yake hawakukanyaga mlangoni. Leo ni zamu yangu kukimbiwa, tena kwa ugonjwa nisionao.

Jumatatu, 24 Aprili

Nusu ya wali imebaki. Wateja wangu wamehamia kibanda cha pili, nawaona, wananipa mgongo wakila. Nimesikia neno: Mama Bonge kakanyaga waya, ndivyo wanavyouita ukimwi. Mwingine kaongeza kuwa lisemwalo lipo.

Agnesi kashauri nitundike kadi ya kliniki kibandani, watu wasome wenyewe kwamba ni sukari. Nimefikiri jioni nzima. Sitatundika. Nikiitundika nitakuwa nawaambia kwamba Yona walimkimbia kwa haki, ila mimi wamenikosea. Wali wangu ni uleule. Asiyetaka asile.

Nimelia kidogo, halafu nimekagua miguu. Mizima.

Jumamosi, 20 Mei

Stela kaja na macho mekundu. Mchumba wake Elias ni kijana mzuri, karani wa kiwanda cha minofu ya samaki. Barua ya posa wamekwisha kuleta, tarehe kumi mwezi ujao wazazi wanakuja kupanga mahari. Sasa mama yake Elias kasikia maneno. Kasema mwanawe haoi kwenye nyumba yenye ugonjwa ule, atakuja kunitazama kwa macho yake kwanza.

Stela kaniomba nirudie kula. Wiki tatu tu, sembe, chapati, soda, mpaka mashavu yarudi. Kasema, "Mama, utaendelea baada ya harusi." Mtoto niliyemzaa ananibembeleza nijiue kidogo. Nimemjibu vibaya, nimejuta, sijamwomba radhi.

Agnesi ndiye kaleta suluhu: khanga tatu, nizizungushe kiunoni na mapajani chini ya gauni. Nimekasirika zaidi. Halafu nimemtazama Stela, nimekubali.

Jumamosi, 10 Juni



Walifika saa sita. Mama Elias ni mwanamke mkubwa, mnene kama nilivyokuwa, kajaza kochi zima. Alinikagua kutoka kilembani mpaka viatuni, akatulia. Khanga zilifanya kazi yake. Jasho lilinitiririka mgongoni, Stela akawa anatabasamu peke yake kule jikoni.

Tukawapa soda. Mama Elias kanywa ya kwanza bila kuiweka chini. Ya pili. Ya tatu. Katikati ya mazungumzo kaomba kwenda uani. Karudi, kaomba maji. Kaenda tena. Akaenda mara ya tatu. Niliingia chooni baada yake. Wamerudi. Mstari mzima, kutoka ukutani mpaka pale.

Nikinyamaza, Stela anaolewa. Nikisema, nimejifichua mwenyewe. Na nilimwona mama huyu akivua kiatu sebuleni: kidole kina kidonda cheusi, wala hachechemei.

Nikamwita pembeni, nyuma ya nyumba. Nikafungua khanga, moja, ya pili, ya tatu, nikaziweka juu ya kamba. Nikamwambia, "Mzazi mwenzangu, huu ndio mwili wangu. Nina sukari. Nadhani na wewe unayo. Njoo utazame sisimizi."

Mungu wangu. Kwetu mkwe hata neno choo hulitaji mbele yake, unasema uani, unatazama chini. Mimi nimemkaribisha mkwe akatazame mkojo wake.

Kasema, "Umenitukana." Karudi sebuleni, kachukua pochi yake. Mumewe na washenga wakamfuata bila kuuliza. Kuku wawili wa kienyeji mezani, hawakuguswa. Barua ya posa wameondoka nayo.

Jumapili, 11 Juni

Stela hasemi nami. Agnesi kasema nina wazimu, na safari hii sikumbishia. Sikwenda kanisani. Nimetembea mpaka ziwani, nimekaa juu ya mawe, nimerudi.

Sijutii. Najuta. Sijutii.

Jumatano, 28 Juni

Siku kumi na nane nyumba kimya. Stela anaweka sahani yangu mezani, anatoka. Elias hajaonekana.

Leo mchana nimesimama dukani mbele ya sanduku la soda. Nilisema moyoni: nimekwisha poteza wateja, mkwe na mtoto, chupa moja itanidhuru nini. Nikaishika. Ya baridi. Kiganja kililowa.

Nimeirudisha. Si kwa hekima. Ni kwa ukaidi tu, sitaki wanishinde mara mbili. Mguu huu nimeulipia kwa kila nilichonacho, nitakufa nao mwilini.

Wateja wanne leo. Mmoja ni yule mpakuaji. Kaomba dona badala ya wali. Nimempimia ngumi mbili, maana yeye anabeba samaki.

Alhamisi, 13 Julai

Siku ya kliniki. Benchi limejaa. Mwishoni kabisa kakaa Mama Elias, kidole kimefungwa bendeji, kadi mpya kaificha ndani ya khanga. Tuliangaliana. Nilidhani atainuka.

Kasogea. Nimekaa.

Sista akaita majina ya mbele yetu. Ndipo kasema, akitazama ukuta, "Nilifika nyumbani nikawakuta na kwangu." Kidole kitapona, wamemwambia, kwa sababu kafika mapema. Nilimshika mkono, hakuuondoa.

Tumetoka pamoja, tumetembea mpaka Kirumba, yeye akipumzika kila baada ya nyumba mbili tatu. Kibandani nimempa samaki wa kuchemsha, mlenda na dona. Kala mbele ya Mwaloni nzima, mkono wake na wangu kwenye sahani moja. Kibanda cha pili waligeuka kutazama. Barua ya posa ilikuwa kwenye pochi yake, ina mikunjo. Kaiweka mezani, kakandamiza kwa kikombe isipeperuke.

Nimemwambia ukweli wote, kwamba mwezi ujao magauni yake yataanza kupwaya na watu watasema. Kauliza afanye nini. Nimemwambia asifunge khanga, ayapeleke kwa fundi yapunguzwe.

Jioni Stela kapika chai. Ya kwangu bila sukari, bila kuambiwa. Nami nimepitia kwa fundi kuchukua gauni langu la kanisani. Limenikaa.