Maji ya Tangi la Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, nikitumaini Mwenyezi Mungu amekuamsha salama. Goti linaendeleaje? Na tumbo, bado linakusokota? Mimi mzima, ila tangu wifi yako atangulie, nyumba imekuwa kubwa mno. Siku hizi napikia sufuria ndogo, na bado chakula kinalala.

Udereva wa maabara unaendelea. Wananiita Mzee wa Maombi kwa kuwa siwashi gari kabla ya kusali. Wanasema breki zangu ziko mbinguni. Ninayemwendesha ni daktari, binti ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kutibu hata kikohozi. Anatafuta madini mazito kwenye maji, kama zebaki na risasi, yanayodhuru mwili polepole bila kuonekana. Ana kibati cha dhahabu kadiri ya ukucha, kimepandwa nyuzi za DNA, zile ambazo Mola ameandikia viumbe vyake. Ukidondoshea maji yenye risasi, nyuzi zinaikumbatia na kujikunja, umeme unabadilika, na mstari kwenye kompyuta unapanda.

Juzi alitaka maji safi ya nyumbani, ayalinganishe na maji taka aliyochota kiwandani. Nikajitapa. Nikamwambia hakuna yanayoshinda ya tangi alilounda baba yetu kwa mikono yake, nikampa ile chupa niliyotoka nayo kwako, ninayoionja kidogo kidogo nikikukumbuka. Mstari ukapanda kupita wa kiwandani. Akaniuliza kama nimechanganya chupa. Akarudia, ukapanda tena. Akasema huenda ni risasi aliyoungia baba mabati ya tangi, maji ya mvua yanaila taratibu.

Dada, usiyanywe tena wala usiyapikie. Hata kuyachemsha hakusaidii. Chota kwa jirani. Nenda hospitali upimwe damu, uwatajie madini ya risasi, maana huenda tumbo lako ndilo hilo. Baba hakujua. Tuzidi kumwombea.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mstari ulipopanda, kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilijisemea, sasa dada hana budi kuhamia kwangu. Kila nikikuomba uje, unanijibu kwamba tangi la baba haliachwi peke yake, na pale nikaona jibu lako limekwisha. Wewe unaumwa, mimi nafurahi. Nimetubu kwa Mungu, natubu na kwako.

Kwa hiyo nimezungumza na fundi. Alhamisi atakuletea tangi jipya la plastiki, alifunge palepale. Mfungulie lango, na usimfundishe kazi. Akimaliza utakuwa na maji salama, wala hakutakuwa na lolote la kukuhamisha.

Njoo hivyohivyo, dada. Chumba cha mbele nimekipaka rangi.

Nisalimie jirani na wanawe, na unitaje katika sala zako.

Ni mimi, kitindamimba wenu, uliyenibeba mgongoni.