Vikombe Vitatu vya Oili Ndani ya Frigo

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Zamu ya asubuhi, stesheni ya treni ya Midi. Nimesukuma mashine ya kuosha sakafu mpaka ngazi za tramu. Inalia upande wa kushoto. Ni beringi. Nimewaambia wakubwa mara tatu. Wangenipa spana tu, bon, ingenyamaza siku hiyohiyo.

Jana baada ya misa, kwenye kahawa, Papa Lambert alitoa habari. Muzee wa Kibelgiji, alifanya kazi ya mashamba Likasi, kule Katanga, miaka mingi, Kiswahili chake kinapita cha Nadège, mutoto wa dada yangu ninayeishi naye. Tarehe 22 anaingia nyumba ya wazee. Trekta ya marehemu baba yake imelala hangarini Neerpede, kule Anderlecht kwenye mashamba. Miaka kumi na moja haijawaka. Ikiwaka kabla mwezi haujaisha, jirani yake mkulima ataichukua. Isipowaka, inaenda kwa watu wa vyuma chakavu. Betri na mazuti, yaani dizeli, jirani atashughulikia. Oili ya injini, hakuna anayejua itiwe ipi.

Nikasimama. Nikasema mimi nimelea matrekta Katanga nzima. Nikawapa hadithi ya Kaniama: oili ilituishia, nikatia mawese, ikalima mpaka jioni na shamba lote likanukia maharagwe. Watu walicheka. Papa Lambert hakucheka. Alinishika mkono. "Kijana, basi ni wewe."

Nina miaka hamsini na sita. Kijana! Nilifurahi sana.

Nadège kwenye tramu: "Tonton Gaby, trekta haisikilizi hadithi, unajua?"

Jumatano, 5 mwezi wa tatu

Nimeiona. Nyekundu, rangi imebanduka, kuku wamelala kwenye kiti. Nikaizunguka mara mbili kama daktari. Nikapiga tairi teke, sijui kwa nini.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Nikasugua oili kwa vidole viwili, nikanusa. Safi kama chai! Injini ya zamani hivi, filta haina, kuna wavu mdogo tu. Na oili safi? Nilishangaa. Usoni sikuonyesha.

Papa Lambert akauliza tutie ipi. Nikasema arobaini, bila kufikiri. Kwetu ni arobaini tu, ile nzito, jua linaiyeyusha lenyewe.

Akaangalia nje. Mvua ya baridi. Akasema, "Hapa pia?"

Nikakohoa.

Ijumaa, 7 mwezi wa tatu

Duka la vipuri, Saint-Josse, nyuma ya nyumba yetu. Muuzaji ni Mturuki, anaitwa Kemal, ana subira. Makopo yamejaa ukuta mzima, yana namba na herufi W katikati. Nimeishi na ile W maisha yangu yote bila kuiuliza. Kumbe ni alama ya baridi! Namba ya mbele inasema oili inakimbiaje asubuhi injini ikiwa baridi. Ya nyuma inasema inasimamaje ikishika moto. Isiyo na W ina namba moja tu, iko vilevile, ubishi wake mmoja.

Halafu akasema oili za sasa zina sabuni ndani. Sabuni! Inashika uchafu usilale, inaupeleka kwenye filta. Za zamani hazina.

Nimeuliza maswali mpaka wateja wakaanza kuguna. Kichwa kimejaa. Usingizi hauji kwa furaha.

Jumamosi, 8 mwezi wa tatu

Nimefanya jaribio. Vikombe vitatu, oili tatu, ndani ya frigo, pale kwenye barafu, saa nne nzima. Ile nyepesi ya magari mapya ilimwagika kama maji. Katika injini ya Papa Lambert itavujia kila mahali. Ile ya malori ilitembea pole pole, kwa heshima. Arobaini yangu, kijiko kilisimama wima. Bukari kabisa, ugali mgumu.

Nimekosea miaka yote. Hapana. Kule nilikuwa sawa. Hapa ndipo nimekosea.

Nadège alifungua frigo. "Tonton! Oili pembeni ya samaki wangu? Alors, toka na vikombe vyako!" Kimoja ni kile anachonywea kahawa. Bado hajajua.

Ijumaa, 14 mwezi wa tatu

Neerpede. Nimemwaga oili ya zamani, nimetia ile ya malori. Ndiyo iliyoshinda kwenye frigo. Ya zamani ilitoka na rangi ileile ya chai, safi. Nimemwambia jirani: angalia, injini ya namna hii ni bikira. Keshokutwa baada ya misa tunawasha. Papa Lambert amealika watu kumi na wawili na keki.

Kitu kinanisumbua. Safi namna ile, uchafu ulikwenda wapi?

Jumamosi, 15 mwezi wa tatu

Kazini. Nilifungua tangi la maji machafu la mashine yangu. Juu maji meupe, chini tope. Nikamimina sabuni nilisafishe. Tope lote likaamka. Tangi likawa jeusi mara moja.

Nimekaa chini pale pale, kwenye njia ya sita ya treni.

Daftari hili hakuna anayelisoma, donc niandike. Sikuwahi kuwa fundi wa trekta. Hata siku moja. Niliuza oili kando ya barabara ya Likasi, ndani ya chupa za bia. Oili iliyotumika. Tuliiacha kwenye pipa siku tatu, tope linalala, tunachota ya juu, tunaiuza kama mpya. Tope la pipa nalijua kuliko sura yangu.

Injini ya Papa Lambert ni pipa. Miaka yote oili isiyo na sabuni imelaza tope chini. Mimi nimetia ile ya malori, ya sasa, yenye sabuni, juu yake. Wakiwasha, tope linaamka, linaziba njia za oili, na filta hakuna. Injini itakufa na keki mezani.

Naogopa.

Jumapili, 16 mwezi wa tatu

Nilifika wa kwanza, nikasimama mbele ya trekta. Nikasema hatuwashi. Wakauliza kwa nini. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa unyevu wa hewa. Papa Lambert alikuwa amevaa tai.

Nikasema ukweli wote. Chupa, pipa, barabara ya Likasi. Mbele ya watu kumi na wawili. Masikio yaliniwaka moto.

Papa Lambert akalegeza tai yake. Halafu: "Kumbe ni ninyi mulioua lori langu?"

"Inawezekana, Papa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka. Tulikula keki hata hivyo.

Jumatano, 19 mwezi wa tatu

Nimelala chini ya trekta na jirani. Tumefungua karteri, ile bakuli ya chini ya injini. Tope la vidole vitatu, jeusi, zito. Nimelikwangua kwa mwiko wa Nadège. Nitanunua mwingine kabla hajauliza. Wavu umeoshwa kwa mazuti, uzi kwa uzi. Gasketi mpya inachelewa.

Mikono inanukia kama zamani. Nimeona haya, na pia nimejisikia muntu mwenye kazi yake.

Jumamosi, 22 mwezi wa tatu

Gasketi haijafika. Papa Lambert ameingia nyumba ya wazee bila kusikia injini. Nilimbebea sanduku. Hakulaumu. Ingekuwa heri angelaumu.

Jumanne, 25 mwezi wa tatu

Gasketi imefungwa. Oili ya thelathini, namba moja, isiyo na sabuni, Kemal aliitafuta stoo. Si nzito kwa baridi hii, wala haivuji.

Jirani alizungusha injini. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Moshi mweusi, kuku wakakimbia, halafu ikashika, dum dum dum, bila haraka.

Nikampigia simu Papa Lambert. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, hata hadithi nilikuwa nimeshaitengeneza njiani. Akaitika. Nikaweka simu juu ya boneti, nikarudi nyuma hatua tatu.

Alisikiliza mpaka mazuti ikakaribia kwisha.